Nguzo Isiyotikisika

Ninaandika haya nikiwa Gehandu, mwaka wangu wa tisa hapa, na ombi langu la tatu la uhamisho liko kwenye faili wilayani, Katesh. Mwanangu wa kike yuko Ifakara kwa mama yangu. Ana miaka saba. Nikihama nitakwenda kuishi naye. Nisipohama nitaendelea kumwona likizo ya Juni na ya Desemba, kama mgeni anayeletewa soda. Hilo ndilo jambo lenyewe, na mtu mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Ila katika kukwama kwangu nina sehemu yangu ya lawama, na sehemu hiyo inahusu vivumishi, ambavyo nimevifundisha tangu nilipoajiriwa.

Sina ugomvi na watu wa huku. Walinipokea vizuri, wakanipa maziwa, wakanifundisha kusalimia kwa Kiiraqw hadi wakachoka kunicheka. Ugomvi wangu ni na baridi. Mimi nimezaliwa kwenye joto la mashamba ya mpunga, mahali ambapo sweta ni vazi la watoto wachanga. Mwanangu alizaliwa nikiwa hapa, na kabla hajajua kutaja jina lake alikuwa ameshaugua kichomi mara mbili. Baba yake alikuwa ameshaoa kwingine, na sitaki kumpa nafasi zaidi ya sentensi hii. Mama yangu alisafiri siku mbili kuja kutuona, akalala usiku mmoja chini ya mablanketi matatu, asubuhi akafunga nguo za mtoto. "Mwanangu, huyu atakufia humu kwenye friji," aliniambia. "Nakwenda naye. Wewe omba uhamisho, utatukuta." Nilikubali kwa sababu nilidhani uhamisho ni kitu cha mwaka mmoja.

Tangu hapo watu wakinipigia simu huniuliza, "Upo?" Nami hujibu, "Nipo tu." Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba neno hilo dogo la mwisho ndilo kielezi chenye uzito kuliko vyote tulivyo navyo. Mtu akisema "nipo", ametoa taarifa. Akisema "nipo tu", amekufungulia mlango ukaona chumba kitupu. Mwandishi mzuri anaweza kumweka mhusika wake gerezani kwa neno hilo bila kujenga ukuta hata mmoja. Walilinakili kwenye madaftari yao, wakapiga mstari chini, kisha mmoja akauliza kama litatoka kwenye mtihani.

Mimi ni mwalimu mkali katika mambo haya. Mwanafunzi akiniletea insha yenye "jua kali lenye kuchoma la utosini", namrudishia. Namwambia jua letu analijua kila mtu, aniambie alikuwa anafanya nini chini yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nomino iliyokaa mahali pake haihitaji wapambe. Hotuba hii naitoa kila mwaka, na kila mwaka darasa linanitazama kwa heshima na kuendelea kuandika "mvua kubwa ya mawe iliyonyesha sana".

Lakini somo ambalo lilinibadilisha mimi nilipewa na msichana wa kidato cha tatu. Niliandika ubaoni neno "nyumba", nikawaambia kila mmoja aongeze kivumishi kimoja, tuone maana inavyogeuka. Wakaanza. Nyumba nzuri. Nyumba kubwa. Nyumba ya bati. Mchekeshaji wa darasa akasema nyumba ya madam, wakacheka, kwa maana wanajua paa langu linavyopiga kelele upepo ukivuma. Msichana huyu alikuwa amekaa karibu na dirisha, hasemi. Nikamwita. Akasimama, akasema, "Nyumba iliyokuwa yetu."

Wenzake wakainama. Wengine walijua habari zake, mimi sikuzijua, na sikuuliza. Lakini nilijua kwamba mbele yangu amesimama mtu aliyesimulia riwaya nzima kwa maneno matatu, na kwamba hakutaja huzuni hata kidogo. Hakusema nyumba nzuri wala nyumba ya kupendeza. Alichofanya ni kuigeuza ile nyumba kuwa ya zamani, halafu akakaa chini. Niliporudi ofisini nilichukua kauntabuku yangu ya hadithi nikaisoma upya, na nikaona aibu.

Hadithi zangu, lazima nikiri, zilikuwa zimejaa wanawake wanaolia. Walilia machozi mazito, machozi ya moto, machozi ya uchungu usioelezeka, na baada ya kusema hauelezeki niliueleza kurasa tatu. Kuna moja niliwahi kumsomea mama kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyo mwanamke analia sana. Kwani hana kazi?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikachukua kalamu na kuanza kukata.

Katika kukata huko ndiko nilikogundua jambo ambalo vitabu vya sarufi havilisemi kwa sauti. Katika Kiswahili nomino hutangulia. Msomaji akisikia "mama", ameshamkaribisha mtu ndani na kumpa kiti. Ndipo kivumishi kinapoingia kwa nyuma na kusema ni mama gani: mama mzazi, mama mdogo, mama wa kambo. Kwa muda mfupi, kama wa kuvuta pumzi, msomaji amekuwa na mama mzima, asiye na alama yoyote, halafu anapunguziwa. Mwandishi anayejua kazi yake anautumia muda huo. Anakupa kitu, unakishika, kisha anakuambia si cha aina uliyofikiri.

Nililijua hili kichwani. Moyoni lilinifikia siku moja ya Jumapili nikiwa nimempigia mama. Simu aliipokea mtoto, akaisahau mkononi, na nikamsikia rafiki yake akiuliza nani anapiga. Mwanangu akajibu, "Mama."

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilitabasamu peke yangu jikoni na mwiko mkononi.

Kisha akamalizia, "Mama wa simu. Mama yuko uani anapeta mchele."

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na mama wawili, na mtu mwenye vitu viwili vya jina moja lazima avitofautishe. Ndiyo kazi ya kivumishi, nimeifundisha mimi mwenyewe kwa mfano wa kikombe cha chai na kikombe cha maji. Nilikata simu kabla hajaniletea bibi yake. Ugali uliungua. Nilikaa kwenye kigoda nikaona kwamba mimi si nomino tupu tena katika nyumba ile, na kwamba kila mwezi ninaobaki huku, maneno yale mawili yanazidi kugandamana na mimi. Niliumia, na hapa sitaongeza neno.

Sasa nieleze jinsi nilivyojifunga mwenyewe.

Mtumishi wa serikali haandiki barua ya uhamisho akaipeleka juu kama anayetuma salamu. Barua lazima ipitie kwa mkuu wake wa kituo, naye aweke maoni yake chini, asaini na kugonga muhuri. Bila maoni, barua hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi. Mkuu wetu wa shule ni mzee wa hukuhuku, mwalimu wa fizikia anayekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache ambaye akicheka mabega yanatikisika lakini sauti haitoki. Nilipompelekea barua ya kwanza, mtoto akiwa na miaka mitatu, nilimkuta anatengeneza betri ya sola.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Kuna nini?"

Nikamweleza, nikampa barua. Aliisoma taratibu, akaniangalia, akairudisha mezani upande wangu. "Mimi nikiandika maoni yatakuwa kama matokeo ya jaribio la maabara," alisema. "Wewe ndiye fundi wa maneno hapa. Andika hapo chini maoni ya mkuu wa shule, niletee nisaini."

Kila mwalimu anaijua desturi hii, ingawa hakuna atakayeikubali mbele ya mkaguzi. Mkuu amelemewa, mwombaji ana shida, basi mwombaji anajiandikia mwenyewe anavyotaka asemwe. Ni nani angekataa? Nilikwenda nyumbani nimefurahi, nikakaa mezani, na mwanamke anayewachapa wanafunzi kwa kalamu nyekundu kwa ajili ya kivumishi kimoja cha ziada akaandika hivi:

"Mwalimu huyu ni mahiri, mchapakazi asiyechoka, mwadilifu wa kupigiwa mfano, na ndiye tegemeo pekee la somo la Kiswahili shuleni hapa. Ninapendekeza kwa moyo mkunjufu ombi lake lizingatiwe."

Nilidhani uhamisho ni zawadi, na zawadi hupewa mtoto mzuri. Mkuu alisaini bila kusoma mara mbili. Baada ya miezi kadhaa jibu likaja: ombi halijakubaliwa kutokana na mahitaji ya kituo cha kazi.

Nikasubiri miaka miwili, kwa sababu walisema si vizuri kusumbua. Mara ya pili nikaona kosa langu lilikuwa kujisifu kwa woga. Nikaongeza chumvi. Nikajiita mlezi wa vipaji. Nikajiita mwalimu ambaye mchango wake hauwezi kupimwa. Na mwishoni, nikiwa nimejisifu mpaka mkono umechoka, nikaandika kwamba mwalimu huyu ni nguzo isiyotikisika ya taaluma ya shule. Niliipenda sentensi ile. Niliisoma kwa sauti mara mbili.

Jibu likaja lilelile, neno kwa neno, ila tarehe.

Safari hii sikuvumilia. Nilipanda bodaboda hadi Katesh, nikafika nina vumbi hadi kwenye kope, nikapanga foleni ofisi ya utumishi. Afisa alikuwa mtu mpole, amezungukwa na mafaili kama mfugaji zizini. Nilimwuliza kosa langu ni lipi. Alitafuta faili langu, akalifungua, akaanza kutabasamu.

"Dada, huna kosa. Tatizo mkuu wako anakupenda mno."

Akaligeuza faili nione. Barua zangu zote mbili zilikuwemo, na katika maoni ya mkuu wa shule kuna mtu alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Alipigia mstari "pekee". Alipigia "tegemeo". Alipigia "hauwezi kupimwa", na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Kwenye "isiyotikisika" alikuwa amepiga mistari miwili.

"Sasa tazama mwenyewe," alisema afisa. "Mtu anatuambia hii ndiyo nguzo, halafu anatuomba tuing'oe. Shule itabaki na nini? Ungekuwa wewe ungesaini?"

Watu wawili nyuma yangu kwenye foleni walicheka. Mimi nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kumwambia kwamba maneno yale ni yangu, kila moja, na kwamba mwandishi wake amesimama mbele yake na vumbi usoni. Lakini ningefungua mdomo, ningekuwa nimemvua mkuu nguo mbele ya watu. Mzee aliyenisainia kwa wema angeonekana mtu asiyefanya kazi yake. Kwa hiyo nikasema ahsante. Nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi. Mlima Hanang ulikuwa mbele yangu, mkubwa, umekaa palepale. Nikautukana kwa Kipogoro, lugha ya kwetu, kwa kuwa hakuna wa kunielewa.

Mganga hajigangi. Miaka yote nimewaambia watoto kwamba kivumishi si pambo, kwamba kinamwamulia msomaji aone nini na afanye nini. Sikuwahi kumfikiria msomaji wangu mwenyewe. Nilimwandikia mtu anayegawa zawadi, na aliyekuwa anasoma alikuwa mtu anayelinda ikama, ile idadi ya walimu ambayo kila shule lazima iwe nayo. Kila sifa niliyojipa ilikuwa sababu ya kunibakiza. Nilirudi Gehandu nikaanza kuishi kama mtu anayejua funguo ziko wapi na amezimeza.

Mwaka huu nikapata bahati. Kuna mwalimu wa Kiswahili anayefundisha karibu na Ifakara, kwao ni Nangwa, si mbali na hapa, anatamani kurudi nyumbani kama ninavyotamani mimi. Akakubali tubadilishane. Siku hizi kuna mfumo wa kompyuta wa kuombea uhamisho, tukaujaza, lakini ofisini bado wanataka karatasi yenye maoni ya mkuu. Nikakaa mezani pale pale. Kuandika maoni yale kulinitesa kuliko hadithi yoyote. Kila nomino ilikuwa inaninyooshea mkono kuomba nguo, na mimi nakataa. Mwisho nikabaki na haya: "Mwalimu huyu anafundisha Kiswahili. Yupo mwalimu wa kubadilishana naye. Ninapendekeza ahame."

Mkuu aliisoma, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mbona hii haina chumvi, mwalimu? Zile za kwanza zilikuwa nzuri."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kalamu nyekundu, kuhusu nguzo, kuhusu watu wa kwenye foleni. Hakucheka. Alivua miwani akaiweka mezani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo ni saini yangu iliyokufunga."

"Hapana, mkuu. Ni maneno yangu."

"Maneno hayana muhuri. Muhuri ni wangu." Akatazama dirishani. Nje watoto walikuwa wanagombania mpira. "Mtoto ana miaka mingapi sasa?"

"Saba."

"Anakujua?"

Swali lile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mama hakuliuliza, wala mimi. Nikajibu kama ninavyojua kujibu. "Ananijua kiasi, mkuu. Ananijua kwa sauti. Akinizoea siku mbili tatu, ananijua vizuri tu."

Mzee alinisikiliza hadi nikamaliza. Hakusema pole. Akavuta karatasi upande wake. "Iache hapa. Njoo kesho uichukue."

Kesho yake alinipa bahasha iliyofungwa, muhuri umegongwa juu ya gundi, nusu kwenye mdomo wa bahasha na nusu kwenye mwili wake. Bahasha ya namna hiyo haifunguliwi njiani. Niliiweka ndani ya sweta, nikapanda bodaboda. Njia nzima niliogopa. Nilimjua yule mzee. Nilijua amejisikia vibaya, na nilijua mtu mwema akijisikia vibaya hufanya nini: huongeza. Nilikuwa na hakika kwamba chini ya sentensi zangu tatu ameandika kwa mkono wake kwamba mimi ni mwalimu mzuri sana.

Afisa alikuwa yuleyule. Alinikumbuka, akasema, "Karibu, nguzo," nikatabasamu kwa adabu. Akachana bahasha kwa rula. Akasoma. Nilikuwa nimeyaweka macho yangu usoni mwake, nasubiri lile tabasamu la mara ya kwanza, halikuja. Akasoma tena. Akainua kichwa akanitazama, kisha akaiweka karatasi mezani na kuigeuza upande wangu, kama alivyofanya na faili siku ile.

Sentensi zangu tatu zilikuwepo, zimechapwa, hazijaguswa. Chini yake kulikuwa na mwandiko wa mkuu, herufi zimesimama wima kama anavyoandika kanuni ubaoni:

"Ana mtoto. Mtoto hamjui."

Kisha saini. Kisha muhuri.

Miaka yote hii nimejaza kauntabuku nne kuuzunguka ukweli ule. Nimeupa wanawake mbalimbali waubebe, nimeunyeshea mvua, nimeuvalisha machozi ya kila rangi, na sijawahi kuuandika. Mwalimu wa fizikia aliuandika kwa maneno manne.  Nilimchukia kwa muda, sitaficha; nilimchukia kama unavyomchukia daktari anayebonyeza palepale.

"Mwalimu," afisa alisema, safari hii kwa sauti ya chini ili foleni isisikie, "nikiiweka hii kwenye faili itasomwa na watu. Ni kweli?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tele, yamejipanga, yananisubiri: kiasi, kidogo, bado, kwa sauti. Lolote kati ya hayo lingenifaa. Afisa alikuwa ameshika kalamu, anangoja.

"Ni kweli," nikasema. "Hanijui."